Mlima Elgon Juu ya Meza

Watu wa Kitale wamezoea kuutazama Mlima Elgon kila asubuhi bila ya kulipa ada, na kwa sababu hiyo ni muhali kumsadikisha jirani kwamba mtu mwenye akili timamu, aliyestaafu kazi yake kwa heshima na ambaye mahindi yake yanangoja palizi, aweza kuketi barazani akijenga mlima mwingine kwa makatoni. Ule wa Mungu una mita 4,321 katika kilele cha Wagagai, upande wa Uganda. Wangu ulienea juu ya nusu ya meza ya chakula, lakini nathubutu kusema kwamba ule wa kwanza haukupata kuniletea hata robo ya mashaka ya huu wa pili.

Amri ilitoka Bungoma kwa mpwa wangu, ambaye yeye na wenzake hukutana Jumamosi kucheza mchezo wa masimulizi, kila mmoja akijivika nafsi ya mtu wa kubuni, huyu shujaa, yule mganga, mwingine mwizi, na mmoja wao akiwa msimulizi, ilhali dadu ndizo kadhi wa kuamua nani ameishi na nani amekufa. Mchezo wa namna hiyo ulio mashuhuri zaidi, Dungeons & Dragons, ulitolewa Marekani mwaka 1974 na Gary Gygax na Dave Arneson; lakini tabia ya kuiweka ardhi juu ya meza ni kongwe zaidi, kwani mwaka 1812 Bwana Reisswitz wa Prussia alimpelekea mfalme wake meza ya mchezo wa vita yenye vipande vya nchi vya plasta vilivyopakwa rangi. Mfalme aliletewa kwa taadhima. Mimi niliagizwa kwa simu: “Mjomba, habari za huko? Tunaomba mlima.” Nikauliza mlima gani. “Elgon, mjomba, na pango la ndovu lisisahaulike.” Hadithi yao, alinieleza, ilianzia mwaka 1895 katika ngome ya Chetambe, juu ya Webuye, Wabukusu walipopambana na majeshi ya Waingereza, na kutoka hapo mashujaa wa kubuni wangekimbilia mapangoni.

Sanaa yenyewe haina siri. Makatoni hukatwa kwa kufuata mistari ya kimo iliyo katika ramani, yakapangwa moja juu ya jingine, kisha yakavikwa magazeti yaliyolowekwa katika uji wa ngano. Trei za mayai zilizoraruliwa hutoa majabali. Unga wa mbao uliotiwa rangi ya kijani hutoa msitu. Na magunzi, ambayo Kitale hayajapata kuadimika, husimama kuwa nguzo. Pango lilikuwa la Kitum, lile ambalo ndovu huingia usiku kuchimba chumvi kwa pembe zao, na mdomo wake niliupanua ili mikono ya msimulizi ipite kwa raha.

Katika Trans Nzoia ardhi haikosi wadai, hata ikiwa ya karatasi. Wa kwanza alikuwa kuku mwekundu, ambaye aliingia Kitum asubuhi moja, akazunguka, akaridhika na makao, akataga, na hatimaye akaatamia. Nilipotaka kumwondosha, mke wangu alinisimamia kwa utulivu uliozidi ghadhabu: “Mzee, Elgon ni yako, mayai ni yangu.” Kuku huatamia siku 21, na hakuna hakimu aliye tayari kuzipunguza. Mpwa wangu, kijana mwepesi wa akili, aliposikia habari hiyo alitia katika hadithi ndege wa kutisha alindaye pango, asiyeuawa kwa dadu yoyote kabla ya siku hizo kutimia.

Wadai wa pili walikuja usiku. Panya waliuvamia mlima, wakaitafuna Uganda yote pamoja na Wagagai, wakafika mpakani, wakakoma. Si kwamba waliiheshimu mipaka ya mataifa. Upande wa Kenya ulikwisha pakwa rangi, na uji wa ngano wa Uganda ulikuwa mtupu. Hivyo cheo cha kilele kikuu kikashukia Sudek, chenye mita 4,302, na mpwa wangu, badala ya kunipa pole, alifurahi kizalendo. Tangu hapo mimi hutia shabu katika uji.

Vifaranga walipotoka, nilipanda matatu ya Bungoma na mlima wangu. Makanga aliutazama akaamua kwamba kilichokalia kiti ni abiria, akautoza nauli kamili. Pale Kiminini bibi mmoja aliinama akauliza, kwa furaha ya dhati, harusi ilikuwa ya nani na keki hiyo ingekatwa saa ngapi. Tulipokuwa karibu na Misikhu mtu alifungua dirisha, na msitu wote, ambao gundi yake ilikuwa bado mbichi, uliruka ukatua juu ya koti jeusi la mzee aliyekuwa akienda mazikoni. Aliyapangusa mabega polepole, akasema, “Bwana, mimi sikuomba shamba,” na hakunena tena hadi Webuye.

Bungoma walinipokea kwa shangwe, wakauweka mlima wenye kipara katikati ya meza, wakatupa dadu, na mchana kutwa mashujaa wao walibishana ndani ya Chetambe juu ya nani atangulie kutoka, hata jua likatua bila ya mmoja wao kuukanyaga Elgon. Wakati wa kuagana mpwa wangu alinishika mkono, akasema sasa wanahitaji Mto Nzoia, pamoja na maporomoko ya Nabuyole.

Basi wewe msomaji uliyeko Kitale, ukinunua friji, tafadhali usilichome moto katoni lake. Liweke barazani, mbali na kuku, nami nitalipitia mwenyewe.