Boti ya Shemeji

Boti iliingia uani kwetu Cheyo, Tabora, saa tatu usiku, imebebwa na vijana kumi na wanne, na wengine arobaini wakitoa maelekezo. Lori lililoitoa Dar es Salaam lilikuwa limekata ekseli hapa mjini. Shemeji yangu, mwenye boti, akapiga simu kutoka Kigoma: "Shemeji, nihifadhieni wiki mbili tu." Tabora hadi Kigoma ni kilomita 400 na ushee kwa reli. Wiki mbili hizo sasa zina mwaka na nusu.

Ni boti ya faiba, mita sita, ilikuja nyeupe pe. Tuliilaza chini ya mwembe, mdomo juu, kama sahani inayosubiri pilau. Mvua za Desemba zikaijaza, bata wakahamia, na Baba Sauda, mume wangu, akafurahi kwamba angalau imeonja maji. Mimi ndiye niliyeona ubao wa nyuma, ule wa kufungia injini, umeanza kutoa jasho la kahawia. Watu husema faiba haiozi. Ni kweli, lakini mbao zilizofichwa ndani yake zinaoza kama mbao nyingine zozote. Vijana wakaitwa tena, zikanywewa soda kumi na nne, boti ikapinduliwa tumbo juu. Kizibo cha tundu la kutolea maji kikapotea siku hiyohiyo. Mkikumbuke hicho kizibo.

Kiangazi kilipofika, Sauda aliegemea boti akisoma, akainuka na sketi ya shule imejaa unga mweupe mgongo mzima. Nikapitisha kiganja: chokaa tupu. Nikamwita fundi wa bodi za magari, kijana mwenye vidole vyeupe daima. Akagonga boti kwa kifundo cha kidole, hatua kwa hatua, akisikiliza kama daktari kwenye kifua cha mgonjwa. "Mama, hapa juu ni ngozi tu, inaitwa jelikoti. Ikikaa majini muda mrefu, maji yanapenya kidogokidogo, inatoa malengelenge. Ikikaa nchi kavu, jua linaitafuna inakuwa unga huu." Dawa yake: kuosha kwa sabuni, msasa wa maji namba 1000, polishi, halafu waksi, na mwisho turubai lililoinuliwa kwa miti ili hewa ipite. Akataja bei. Baba Sauda akauliza neno moja tu.

"Waksi ni nini?"

"Ni nta, mzee."

"Nta! Ninunue nta ya kopo, mimi mtu wa Tabora?"

Lazima niwaeleze kidogo kuhusu mume wangu. Ni mstaafu wa karakana ya reli, na anaamini hakuna kitu duniani kisichookolewa na kupakwa mafuta. Ushahidi wake ni MV Liemba. Meli hiyo iliundwa Papenburg, Ujerumani, 1913, ikafunguliwa, ikatiwa kwenye masanduku yapatayo 5,000 na kupita hapahapa Tabora kwa reli kwenda Ziwa Tanganyika. Julai 1916 Wajerumani wakaizamisha wenyewe isitekwe, lakini kwanza mafundi wakaipaka mitambo grisi nene. Waingereza walipoiibua 1924, mitambo ilikuwa ingali nzima, na 1927 meli ikarudi kazini kwa jina la Liemba. Kisa hiki nimekisikia kwenye harusi mbili na msiba mmoja. Sasa nikakisikia uani, na safari hii kilikuwa na hoja: kama grisi iliokoa meli chini ya maji, nta itashindwaje na boti chini ya mwembe?

Mama mkwe ametoka Sikonge, kwenye misitu ya miombo, na kwao nta haikauki. Akatumiwa ujumbe, akaleta tonge kubwa kama kichwa cha mtoto. Hakuambiwa ni ya nini. Baba Sauda akaiyeyusha kwenye sufuria yangu ya wali, akaichanganya na mafuta ya alizeti, akapaka nje yote, kisha akalala chali na kupaka hadi ndani. Jioni boti iling'aa. Kesho yake ilikuwa imebeba vumbi la mtaa mzima. Nta ya nyuki ni laini, na jua la Tabora halina huruma. Sufuria, mpaka leo, inapika wali wenye harufu ya kanisa.

Jumapili mama mkwe akaja. Akanusa, akazunguka boti mara moja, akakaa kwenye kigoda akicheka mpaka akafuta machozi kwa kanga.

"Mwanangu, baba yako alipaka nta hivihivi. Kwenye mizinga. Ili nyuki waje."

Wakaja Alhamisi. Nilikuwa naanika nguo nikasikia mngurumo, nikadhani ni pikipiki ya jirani. Nikageuka: wingu jeusi limening'inia juu ya mwembe, likawa linashuka na kumiminika, kama maji yanavyoingia kwenye mpira, ndani ya lile tundu lisilo na kizibo. Robo saa, uwanja ukawa kimya. Nguo zangu zilibaki kambani siku tatu.

Mrina asali tuliyemwita kuwahamisha alikuja usiku na moshi wake, akachungulia, akarudi akitikisa kichwa. "Mama, mimi nahangaika kuchuna magome nitengeneze mizinga. Nyinyi huu mmeupata wapi?" Akakataa kuwagusa, akaomba mgawo.

Mwezi wa sita tulirina ndoo mbili. Moja ilikwenda Kigoma kwa basi, kama kodi ya boti. Shemeji amesema ni tamu, ila anauliza boti itafika lini. Lori lilipatikana mara moja. Dereva akafika mpaka getini, akasikiliza, akaenda kupakia saruji. Na Baba Sauda ameonyesha wageni wote sehemu ya ndani ambako masega yalishikana na faiba: bado inang'aa, haina hata chembe ya unga. Hakumbuki kwamba ndani hakuingii jua.

Mwenye lori tupu la kwenda Kigoma, na dereva asiyeogopa nyuki, apite Cheyo apige hodi. Aje usiku, na aje na kizibo.