Samaki, Makasi na Kamasi: Mwongozo wa Kupanga Herufi

Kusanya vifaa kwanza: boksi tupu la sabuni, kalamu ya wino mzito, mkasi, kamusi, na mtu mmoja mbishi. Mbishi ni muhimu kuliko mkasi. Mchezo wa kuvuruga herufi na kuziunda upya kuwa maneno haunogi bila mtu wa kusema "hilo neno halipo!", maana hapo ndipo kamusi inapofunguliwa.

Usinunue Scrabble ya Kiingereza ukadhani umemaliza kazi. Ndani yake mna vibao 100, na K ni kimoja tu, tena kimepewa pointi 5 kama kito adimu. Ukitaka kuandika kuku au kaka, lazima ubahatike kupata kibao kitupu. Q na X ndizo zitakazokukalia mkononi mpaka usingizi ukuchukue. Kata vibao vyako mwenyewe. A zijae, K na U zisipungue, na C usiiandike peke yake: iweke pamoja na H kwenye kibao kimoja, kwa kuwa katika maneno yetu C haisimami bila H.

Sasa mwaga mezani A, A, I, K, M, S. Anzia mwisho wa neno. Maneno ya Kiswahili karibu yote huishia kwa irabu, kwa hiyo huna la kuchagua ila A au I. Konsonanti unazo tatu na irabu tatu, zipishanishe. Weka I mwisho: samaki. Geuza: makasi, chombo kile kile ulichokatia vibao. Geuza tena: kamasi. Watoto watacheka. Waache wacheke, neno hilo hawatalisahau. Hamishia A mwisho: masika. Mkazi wa Dar es Salaam ataleta Masaki. Mkatalie kwa upole, majina ya mahali hayahesabiwi.

Mwenye haraka ataandika pointi zake na kudai herufi nyingine. Mzuie hapo hapo. Neno si lake mpaka aseme maana yake na kulitumia katika sentensi ambayo mbishi ataikubali. Masika ni nini? "Mvua" haitoshi. Ni mvua ndefu za Machi hadi Mei, na mvua za Oktoba hadi Desemba zina jina lao, vuli. Ukiendelea kumbana, kipupwe na kiangazi vitajileta vyenyewe, na mtoto aliyekuja kuchezea vipande vya boksi ataondoka na mwaka mzima. Mimi naipenda sehemu hii kuliko ushindi wowote.

Chukua na R, A, F, I, K, I. Yamo rafiki, fikira, fariki na kafiri, yote yakiwa na asili ya Kiarabu. Usikimbilie kuhesabu. Muulize aliyepata fariki kama mbuzi naye hufariki. Atasita. Mbuzi hufa, mtu ndiye anayefariki, na anayelijua hilo hatawachekesha watu msibani. Pointi zote ziende kwenye jibu hilo, si kwenye kupanga herufi sita.

Kuhusu kamusi, tumia yoyote nzuri uliyonayo. Kamusi ya Kiswahili Sanifu, iliyotoka mara ya kwanza mwaka 1981, inafaa sana kwa sababu huonyesha ngeli. Ukiona samaki ana a-/wa- na mkasi una u-/i-, umejifunza sarufi bila kukaa darasani. Ila ujue pa kutafuta. Kitenzi kitafute bila ku-; macho yamo kwenye jicho, meno yamo kwenye jino. Asiyejua haya hufunga kamusi na kutangaza kuwa neno halipo, mbishi akashangilia bila haki.

Halafu kuna bibi. Akileta neno la Kipemba au la Kiamu ambalo kamusi haina, usithubutu kulifuta. Kiswahili sanifu kilijengwa juu ya Kiunguja, na lahaja nyingine zimebaki na maneno mengi ambayo hayajaingizwa kitabuni. Muombe alitie katika sentensi, aeleze linasemwa wapi na linasemwa lini, kisha mpe pointi maradufu. Neno lenyewe liandike kwenye ukurasa wa mwisho wa kamusi, na tarehe juu yake. Mbishi akigoma, mpe yeye kalamu aliandike.

Wachezaji wakichoka, wape bahari wageuze wapate habari, au nguo wapate ungo, kisha kalaleni. Wasiochoka, hizi hapa: A, I, L, M. Maneno yamo angalau matano, na moja utalikuta barabarani, jingine shambani, jingine kwenye daftari la mwanafunzi anayeandika anachosomewa. Usirudi na manne.