Simile, Shemeji!

Mombasa iliandikwa kwenye vitabu vya Wazungu kuwa mji usio salama tangu Aprili 1498, na aliyetutia doa ni Vasco da Gama. Alitia nanga nje ya bandari, mfalme akampelekea kondoo, machungwa, malimau na miwa, naye akabaki chomboni akishuku kila kitu pamoja na kondoo. Akawamwagia mateka wake mafuta ya moto ili waseme kama kuna njama. Usiku waogeleaji wetu wakaenda kumkatia kamba za nanga. Siku chache baadaye akang'oa kwenda Malindi, na sifa yetu ikaharibika mpaka leo.

Ibn Battuta alikuwa ametangulia kupita hapa mwaka 1331. Alilala usiku mmoja, akatazama ndizi, akaonja zambarau, akaona watu wakiosha miguu kabla ya kuingia msikitini, akaendelea na safari yake ya Kilwa. Hakuna aliyemgusa kamba.

Wageni wanaonijia nyumbani Kibokoni wote ni wa makundi haya mawili, na shemeji yangu, kaka wa mke wangu, ni Vasco da Gama mtupu, isipokuwa mafuta ya moto.

Si tabia yake ya kuzaliwa. Ni mtu mpole wa Nakuru, mwalimu, ambaye kazi ilimpeleka Roma kwa mafunzo, na huko akachomolewa pochi ndani ya basi nambari 64, lile la kwenda Vatican, ambalo wachopozi wake wana sifa dunia nzima. Waliomwibia walikuwa wamevaa vizuri na walimwomba radhi kwa kumsukuma. Tangu hapo shemeji amesoma kila ushauri anaopewa mtalii katika miji ya kale ya Ulaya: gawa pesa sehemu tatu, vaa mkanda wa pesa ndani ya shati, beba pochi ya bandia ya kumpa mwizi, usigeuke ukiitwa na usiyemjua, usipokee kitu cha bure. Ushauri mzuri wote. Aliuhifadhi, akapanda nao treni ya SGR, akateremka nao Miritini mwezi wa Februari.

Nimetaja Februari kwa makusudi. Mkanda wa pesa ulishonwa na watu wanaoishi kwenye baridi. Hapa, mtu wa Nakuru aliyefungwa kitambaa kizito tumboni mchana wa Februari hutoa maji kama mtungi mpya. Tulipofika kwa muuza madafu karibu na Fort Jesus, shemeji aligeukia ukuta, akafungua vifungo viwili, akapapasa kwa muda mrefu hata watu wakaanza kutazama, kisha akatoa noti ya mia tano iliyolowa chapa. Muuza madafu aliishika kwa ncha za vidole, akaitandaza juu ya mkokoteni wake, akaiwekea dafu isipeperuke. "Ikikauka nitakupa chenji," akasema. Tukangoja noti ikauke. Hakuna namna bora ya kuutangazia mji mzima mahali unapoficha pesa.

Mlangoni mwa ngome wakaja vijana wa kutembeza wageni. Ukitaka kijana akuache, mwambie "Asante ndugu yangu, leo natembea na mwenyeji," naye atakutakia siku njema. Shemeji alitumia njia ya Roma: kimya, macho mbele, hatua ndefu. Kijana mmoja hakukasirika wala hakumsogelea. Alibaki hatua tano nyuma yetu, akaanza kuieleza historia kwa sauti kubwa, peke yake, huku akitazama mbingu. Na alikuwa anajua kazi yake! Kwamba Wareno walianza kujenga mwaka 1593. Kwamba aliyechora ramani alikuwa Mtaliano, Giovanni Battista Cairati. Hapo nilimwona shemeji akiushika mkanda wake. Kwamba Waomani waliizingira kuanzia Machi 1696 hadi Desemba 1698, na kwamba waliokuwa ndani, pamoja na kuta zote hizo za mawe ya matumbawe, waliuawa zaidi na maradhi kuliko risasi, hata ngome ilipoingiliwa walibaki wachache wa kuhesabika. Kwamba Waingereza waliifanya jela mpaka 1958, na UNESCO ikaitia kwenye orodha ya urithi wa dunia mwaka 2011.

Tulipomaliza, kijana akaja mbele. "Mzee wangu, umesikia au hukusikia?"

Shemeji ni mwalimu, hawezi kusema uongo mbele ya somo lililofundishwa vizuri. Akalipa. Safari hii alitoa pesa ya kwenye soksi.

Hapo ndipo njaa ilipotushika, na hatari ya kweli ya Mombasa ikajitokeza. Hatari hiyo haina mikono. Nazungumzia kunguru, wale weusi wenye shingo ya kijivu, wageni kutoka bara Hindi walioingia pwani yetu kupitia Unguja mwishoni mwa karne ya 19 na kukataa kuondoka. Mwaka 2024 Shirika la Huduma kwa Wanyamapori, KWS, lilitangaza azma ya kuangamiza kunguru milioni moja. Kunguru hawakulisoma tangazo hilo. Shemeji alinunua viazi karai vya moto, vimemwagiwa ukwaju na pilipili, akasimama nje, peupe, mkono mmoja kwenye pochi ya bandia na macho kwa wapita njia. Mwizi akaja kutoka juu. Kiazi kimoja kikaenda, cha pili kikaanguka, na mwenye mali akabaki na karatasi yenye ukwaju. Kunguru alitua kwenye waya wa umeme mbele yetu, akala taratibu, bila haya. Mwenye duka akatikisa kichwa, akampa shemeji kiazi kingine cha bure. Shemeji akakumbuka ushauri, akakikataa. Nikakila mimi.

Tusije tukaelewana vibaya: wezi tunao. Simu hunyakuliwa Digo Road na karibu na Marikiti, mara nyingi na mtu wa pikipiki, na kuzungumza na simu ukiwa umesimama ukingoni mwa barabara ni kuigawa. Vijana wenye mapanga nao wametusumbua Mji wa Kale na kwingineko mjini, na ukweli ni kwamba wanaoumia kwanza ni wakaazi wanaotoka kazini na msikitini, si watalii. Usiku wa manane usiende kwenye vichochoro usivyovijua. Hata mimi siendi, na nimezaliwa huku. Lakini shemeji alikuja na dawa ya ugonjwa wa mji mwingine, na dawa ya namna hiyo ina madhara yake.

Madhara yalimpata Ndia Kuu. Njia ile ni nyembamba, roshani za mbao juu, baraza kando, paka kila mahali, na katikati wanapita watu, tuktuk, bodaboda na mikokoteni ya maji. Maji ya mfereji kisiwani ni ya kubahatisha, kwa hiyo mitungi ya plastiki hupakiwa kwa wingi mpaka hamali hamwoni aliye mbele, na mkokoteni hauna breki. Breki yake ni sauti. "Simile! Simile! Kando mzee!"

Kila mtu akapanda barazani, hata paka. Shemeji akasikia anaitwa na asiyemjua. Akashika pochi, akakaza mwendo, hakugeuka.

Nilimvuta kwa kola. Mkokoteni ukapita na ndala moja ya Nakuru, na sisi wawili tukaangukia kwenye baraza ya nyumba yenye mlango wa nakshi, ambao ulifunguka. Mama mwenye nyumba, mtu mzima, leso kichwani, akatutazama tulivyolala. "Karibuni," akasema, kana kwamba ndivyo wageni wake wote wanavyoingia. "Inukeni, mkae kitako. Maskini mwanangu, umeumia?"

Akaleta maji ya kuosha goti. Akaleta sharubati. Shemeji akaipokea, akaitazama, akaishika tu. Nilijua anachowaza. Kwao bara, mtu akikwambia fulani katiliwa mchele, ana maana katiliwa dawa kwenye kinywaji, akalala, akaamka bila simu wala viatu. Na kiatu kimoja kilikuwa kimeshakwenda.

"Kunywa, mwanangu," mama akamwambia.

"Asante, mama. Tunaondoka sasa hivi."

"Mwaondoka mwenda wapi na jua hili? Tulia. Mchele ndio kwanza nimeutia, hautakawia."

Sijawahi kuona mtu akisimama upesi hivyo akiwa na goti bovu. Ilinibidi nimweleze mama kwamba mgeni wangu ana udhuru, nikamfuata shemeji aliyekuwa ameshafika kona akichechemea. Pilau ile niliisikia harufu yake mpaka nilipofika mwisho wa mtaa, na hilo bado sijamsamehe.

Nyuma yetu zikasikika mbio. Mvulana, kanzu ameipandisha mpaka magotini, anakuja kasi anapiga kelele, "Mzee! Mzee we!" Shemeji akaongeza mwendo, mvulana akaongeza. Waliteremka hivyo mpaka karibu na bandari ya zamani, ndala moja mguuni, watu wa barazani wakimshangilia mvulana na wengine wakimshangilia shemeji. Mvulana alipomshika, kanzu yake ilikuwa imelowa jasho. Mkononi alikuwa na pochi ya bandia, iliyodondoka barazani. Ndani mlikuwa na shilingi hamsini na kadi ya benki iliyokwisha muda.

"Bibi amesema uhesabu," mvulana akasema akihema.

Shemeji akahesabu ile hamsini mbele yake, maana ameagizwa na mtu mzima. Kisha akaketi chini penye kivuli, akafungua vifungo vyote vya shati hadharani, akautoa mkanda, akampa mvulana noti mbichi ya mia. Mvulana akaipeperusha hewani ikauke, akaondoka nayo. Jioni tulirudi kwa yule mama kuomba radhi, na sahani zetu alikuwa ameshazifunika.

Kwa hiyo, msomaji, ukija kwetu, salimia kabla ya kuuliza njia, na ukipewa sharubati, inywe. Viazi karai kula chini ya paa. Simu weka mfukoni ukiwa Marikiti. Na ukisikia mtu anakupigia kelele nyuma yako Ndia Kuu, usiifikirie Roma: panda barazani.