Iktisadi ya Ua
Sina neno juu ya muungwana ambaye, akiisha kupiga hesabu za mfuko wake, huapa kuwa ua atausakifu kwa mikono yake mwenyewe. Kwani iktisadi ni sifa njema, na hapana sheria imkatazayo mtu kuvunja mgongo wake bila ya malipo. Ajabu yangu ni mahali aanziapo kubana matumizi. Kifusi, ambacho yapasa kishindiliwe unene wa sentimita 10 hivi, hukiona israfu, maana wageni hawakioni. Pimamaji huiona anasa, maana jicho analo. Na mwinamo wa sentimita 1 au 2 kwa kila mita, wa kuyapeleka maji mbali na nyumba, huuona kisingizio cha wavivu wasioweza kupanga sawasawa. Basi mabamba yake ya saruji hulala juu ya mchanga mtupu, yakapendeza kaskazi nzima. Masika yakiwadia, maji, ambayo hayakupata kuzisoma hesabu zake, hubisha hodi sebuleni. Hapo ndipo aitwapo fundi, naye hudai ujira wa kubomoa, na ujira wa kutandaza upya, na juu yake, kwa adabu kubwa, ujira wa kunyamaza.