Nyundo Kabla ya Pochi

Miongoni mwa miradi ambayo mzazi wa mjini huianzisha kwa nia njema na kuijutia kwa muda mrefu, ununuzi wa mkweche, yaani gari lililochakaa kiasi kwamba majirani hulitambua kwa mlio kabla ya kuliona, unastahili kuchunguzwa peke yake, hasa pale mkweche huo unapokuwa Land Rover ya zamani, na mshirika wa mzazi katika kuufufua akiwa ni mwanawe wa kidato cha tatu, ambaye sheria haijamruhusu hata kushika usukani barabarani. Madhumuni ya mradi huelezwa kwa maneno mazito, kwamba kijana ataachana na simu, atajifunza kazi ya mikono na kuujua uvumilivu. Kuhusu yale ambayo mzazi mwenyewe anapaswa kujifunza, hakuna linalosemwa.

Kosa la kwanza hufanyika hata kabla ya pesa kutoka mfukoni, na mizizi yake iko Ulaya ya baada ya vita. Land Rover ilionyeshwa kwa umma kwa mara ya kwanza katika maonyesho ya magari ya Amsterdam mwaka 1948, wakati ambapo chuma nchini Uingereza kilitolewa kwa mgao, na kwa sababu hiyo watengenezaji wake waliunda sehemu kubwa ya bodi kwa mchanganyiko wa alumini, ambayo haishiki kutu, huku chasisi, yaani fremu ya chini inayobeba injini, bodi na abiria, ikibaki ya chuma. Uamuzi huo uliowaokoa watengenezaji ndio unaomponza mnunuzi wa leo, kwa kuwa bodi ya gari lenye umri wa miaka 50 huweza kung'aa kwa rangi mpya ya kijani ilhali mihimili ya chasisi, ambayo ina uwazi ndani mithili ya boksi refu, imeliwa na kutu kuanzia ndani kuja nje, kikulacho kikiwa nguoni kwelikweli. Tena pale alumini inapogusana na chuma penye unyevu wa chumvi, kama ilivyo kwa gari lililotumika miaka mingi Tanga kabla ya kupandishwa Arusha, alumini nayo hulika na kutoa unga mweupe, ambao dalali huueleza kuwa ni vumbi la safari.

Dawa ya udanganyifu huu ni nyundo. Mhimili mzima ukigongwa hulia kama kengele ya shule, ambayo nayo mara nyingi ni rimu ya gari iliyotundikwa mtini, na uliooza hujibu kwa mlio mzito uliofifia, kama debe lililojaa pumba. Katika kisa kimoja kinachotosha kuwakilisha vingine, kijana, aliyekuwa ametazama video za mafundi kwa wiki nzima katika ile ile simu aliyotakiwa kuachana nayo, alinong'ona, "Baba, tuigonge kwanza," naye mzazi akamkatiza kwa hoja kwamba si adabu kugonga mali ya mtu mbele ya mwenyewe. Pesa zikahesabiwa, kadi ya gari ikapokelewa, na mkweche ukaingia uani ukivutwa kwa kamba.

Hatua ya pili ni kutafuta vipuri, na hapo hugundulika kwamba umri wa gari la aina hii hausemeki kwa namba moja. Toleo la pili lilianza mwaka 1958, la tatu mwaka 1971, na kwa kuwa vifaa vingi vya matoleo hayo huingiliana, mafundi wa miaka iliyofuata waliokoteza kiungo hapa na kiungo pale kama mpishi wa futari anayetumia kilichopo. Mzazi alipoulizwa na muuza vipuri gari lake ni la mwaka gani, alijibu kwa fahari mwaka ulioandikwa kwenye kadi, naye muuzaji akamuuliza kwa upole, "Mzee, hiyo ni injini, giaboksi au mlango?"

Hatua ya tatu inahusu spana, na hapa ndipo heshima ya mzazi huanza kupwaya. Magari ya Kiingereza ya enzi hiyo yalifungwa kwa nati za vipimo vya inchi, ilhali boksi la spana lililopo katika nyumba nyingi ni la milimita. Nati ya nusu inchi ina upana wa milimita 12.7, kwa hiyo spana namba 13 huingia kwa utiifu, hucheza kidogo, kisha huzisaga kona za nati mpaka iviringike kama kete ya bao. Ile ya inchi 7/16 ina ukaidi wake wa pekee, kwani namba 11 haiingii na namba 12 inapwaya. Kijana alizidisha kwa 25.4, akaonyesha jibu, akashauri yaazimwe spana za inchi gereji, lakini mzazi alimkumbusha kwamba yeye alianza kufungua nati kabla kijana hajazaliwa, na nyundo iliyokataliwa pale ilipohitajika ikaletwa pale isipohitajika. Nati tatu zilifunguka siku hiyo, mbili kati yake zikiwa zimekatika.

Kilele cha mradi kilifikiwa siku ya kutoa upepo kwenye breki. Oili ya breki haikubali kubanwa ila hewa hubanwa, kwa hiyo upepo ukiingia kwenye mabomba pedali huwa laini kama andazi, na tiba yake inataka watu wawili, mmoja akikanyaga pedali na mwingine akiwa chini, akilegeza kinipo cha kutolea upepo na kukikaza kabla ya pedali kuachiwa. Kwa saa nzima baba na mwana, ambao kwa miezi mingi walikuwa hawazungumzi zaidi ya salamu na ada ya shule, waliongea mfululizo kwa maneno mawili tu, "Kanyaga!" na "Achia!", mpaka baba alipochelewa kukaza, oili ikamrukia shavuni na kwenye bawa la gari. Shavu lilioshwa kwa sabuni. Bawa, ambalo mzazi aliharakisha kulipiga rangi mwezi mmoja kabla kwa kuamini kuwa uzuri huleta moyo wa kazi, lilivuliwa rangi hiyo siku ile ile, kwa kuwa oili ya breki huila rangi bila huruma. Mama wa nyumba, aliyekuwa ameshaanza kuanika nguo kwenye boneti na kuokota mayai chini ya kiti cha nyuma, aliuliza kama breki zikipona kuku watahamia wapi.

Hatimaye aliitwa fundi, ambaye alitandika gunia, akaingia chini ya gari na kuigonga chasisi mara moja, na nyundo ikazama. Mhimili ulikatwa na kuchomelewa upya kwa gharama iliyozidi bei ya kununulia gari. Methali inayoonya kuwa asiyesikia la mkuu huvunjika guu imekaa kimya kuhusu mkuu asiyesikia la mdogo, na pengo hilo ndilo lililolipiwa hapa kwa fedha taslimu.

Kwa hiyo mzazi anayefikiria mradi wa namna hii asikatishwe tamaa, ila aende sokoni na nyundo, ampe kijana aishike, na yeye mwenyewe aishikilie pochi mpaka mlio usikike.