Sifa za Barua ya Kufutiwa Viza

Mkataba wa kazi ya ng'ambo husifiwa na ukoo mzima. Viza ikitoka, vigelegele hupigwa, na anayeondoka hupigwa picha uwanja wa ndege akiwa na sanduku jipya. Barua inayoifuta viza hiyo haijapata kusifiwa na yeyote, na huo ni uonevu. Australia ilianzisha viza ya kazi namba 457 mwaka 1996, ikaiondoa na kuleta namba 482 mwaka 2018, lakini barua ya kufuta imedumu katika zama zote mbili. Kitu chenye maisha marefu namna hiyo kinastahili heshima yake.

Kwanza, ina adabu. Chini ya kifungu cha 116 cha Sheria ya Uhamiaji ya mwaka 1958, kwa kawaida hutanguliwa na ilani inayosema kwamba serikali inafikiria kuifuta viza, na kumtaka mwenyewe aeleze kwa nini isifutwe. Mchukue muuguzi wa Eldoret aliyefanya kazi miaka mitatu katika mji mdogo wa mashambani bila kuulizwa hali. Ghafla taifa zima linataka kujua alikuja kwa shabaha gani, ameishi vipi, watoto wanasoma wapi na nani ataumia akiondoka. Mchungaji anamwandikia barua. Mwalimu wa mtoto anaandika. Jirani ambaye mpaka leo hawezi kulitamka jina lake anajaza kurasa mbili za wema wake. Ni wachache wanaobahatika kusikia wakisifiwa hivyo kabla ya matanga yao.

Hufundisha hesabu pia. Zamani, aliyeachana na mwajiri aliyemdhamini alikuwa na siku 28 za kutafuta mwingine. Mwaka 2013 zikawa 90, Novemba 2016 zikashushwa hadi 60, na tangu Julai 2024 ni 180 kwa mfululizo, mradi jumla isizidi 365 kwa muda wote wa viza. Mwajiri naye ana siku 28 za kuiarifu serikali kwamba mtu wake ameacha kazi. Yule yule aliyesahau malipo ya saa za ziada mwaka mzima, hili halisahau.

Lakini utukufu wa barua hii uko katika usawa wake, na ushahidi ulionekana dunia nzima Januari 2022. Novak Djokovic, namba moja wa tenisi duniani wakati huo, alitua Melbourne na viza ya muda namba 408. Hiyo ni ya wanamichezo na wengine wa aina hiyo, si ya wauguzi, ila kifungu kilichomnasa ni kile kile cha 116. Maofisa wa uwanja wa ndege walimwambia ana mpaka saa 2:30 asubuhi kujieleza. Wakaifuta viza saa 1:42. Akapelekwa katika hoteli moja ya mtaa wa Carlton, ambamo walizuiliwa wakimbizi waliokuwa wamekaa kizuizini miaka mingi bila mwandishi wa habari kuwabishia mlango. Barua ya Djokovic iliwaletea kamera za dunia nzima.

Tarehe 10 Januari serikali ilikiri mahakamani kwamba kumkatizia muda ule hakukuwa haki, na Jaji Anthony Kelly akairudisha viza. Ushindi mtamu, ila ulisimama juu ya dakika 48 tu. Mahakama haikuulizwa kama mtu huyu anastahili kubaki. Iliulizwa kama njia iliyotumika ilikuwa halali. Siku nne baadaye Waziri wa Uhamiaji, Alex Hawke, aliifuta tena kwa mamlaka yake mwenyewe. Tarehe 16 majaji watatu wa Mahakama ya Shirikisho walimkatalia Djokovic kwa kauli moja, na usiku huo akapanda ndege. Mwaka uliofuata aliruhusiwa kurudi, akatwaa ubingwa wa tenisi huko huko Melbourne.

Muuguzi hana mawakili wa Djokovic, lakini ana kitu bora zaidi: Baraza. Tangu tarehe 14 Oktoba 2024, Baraza jipya la Mapitio ya Kiutawala limechukua nafasi ya lile la zamani lililovunjwa. Lenyewe halihesabu dakika za maofisa. Hulisikiliza shauri upya kana kwamba uamuzi haujafanywa, na hata mtu akikiri kwamba alipitisha siku zake bila mdhamini, bado linaweza kumrudishia viza likiona kosa halikuwa lake, kwa mfano mwajiri alipofilisika. Gharama ni zaidi ya dola 3,000 za Australia, na anayeshinda hurudishiwa nusu. Aliyeonewa na akathibitishwa kuwa ameonewa huchangia nusu nyingine kwa moyo mkunjufu.

Kisha huja mapumziko. Rufaa huweza kungoja muda mrefu, na anayengoja hupewa viza ndogo ambayo mara nyingi haimruhusu kufanya kazi mpaka aombe na kuonyesha kwamba ana shida ya fedha. Nchi iliyomleta kwa sababu ina upungufu wa wauguzi inamketisha sebuleni atazame televisheni inayotangaza upungufu wa wauguzi. Wala hapumziki peke yake: kifungu cha 140 hufuta pia viza za mume, mke na watoto walioingia kwa jina lake. Ukarimu wa aina hii hata harusini ni adimu.

Barua ina tabia moja isiyopenda kusifiwa hadharani. Ikitumwa kwa barua pepe, huhesabiwa imepokelewa mwisho wa siku hiyo hiyo, hata kama imelala bila kufunguliwa. Kutoka hapo asiye kizuizini ana siku 28 za kukata rufaa, aliye kizuizini ana 7, na Baraza halina mamlaka ya kuongeza hata moja. Msomaji mwenye ndugu Perth au Melbourne ampigie leo, amwambie afungue barua pepe zake.