Kompresa Haichaguliwi kwa Rangi

Mpeleke mtu wa Bariadi mnadani akiwa na hela ya ng'ombe mmoja, atazunguka asubuhi nzima. Atafungua mdomo wa dume ahesabu meno, atamtembeza aone kama anachechemea, atauliza ametoka zizi la nani na kama ana chapa ya mtu mwingine. Mtu huyo huyo, akishauza pamba na kuamua kutengeneza makabati nyuma ya nyumba, anaingia dukani kununua kompresa ya kupulizia laka na baada ya dakika kumi anatoka na ile nyekundu, kwa sababu ya bluu ilikuwa na mkwaruzo. Mwongozo huu ni wake.

Kwanza kabisa, usinunue kompresa. Nunua bunduki ya kupulizia, kwa maana bunduki ndiyo inayokula upepo, na mlaji ndiye anayeamua ukubwa wa sufuria. Ipindue usome karatasi yake: imeandikwa inahitaji lita ngapi za upepo kwa dakika. Bunduki nyingi za aina ya HVLP, zinazosifiwa kwa kutomwaga laka hewani, zinataka lita 300 hivi au zaidi kila dakika. Zile za LVLP zinatosheka na 100 hadi 150. Kwa seremala wa nyumbani anayetegemea njia moja ya umeme, hizi za pili ndizo za kuanzia. Nozeli ya milimita 1.3 au 1.4 inafaa kwa laka. Sila, ile inayotangulia laka, ni nzito, ipe 1.8.

Sasa ndiyo uende kwenye kompresa, na ukifika hapo achana na tangi. Najua tangi linavutia. Muuzaji naye analipigapiga kwa kiganja lilie, akuambie hili ni la lita 50, la jirani yako ni la 24. Lakini tangi halitengenezi upepo, linautunza tu. Chukua kompresa ya nguvu farasi mbili ambayo kibandiko chake kinasema lita 200 kwa dakika. Hizo ni lita zinazovutwa ndani. Zinazotoka kwenye mpira zikiwa na msukumo ni kama 130. Ifungie bunduki inayokula 300. Kila dakika unadaiwa lita 170. Tangi la 24, likishuka kutoka bar 8 hadi bar 5, linakulipia lita 72, yaani sekunde 25 hivi. Hujamaliza mlango mmoja wa kabati. La 50 linakufikisha dakika moja kasoro, kisha laka inaanza kutoka kwa matone, na uso wa mbao unakuwa kama ganda la chungwa.

Kibandiko kinaweza kusema lolote, kwa hiyo pima mwenyewe palepale dukani. Omba mashine iwashwe, shika simu yenye saa, funga koki ya kutolea upepo. Angalia geji ikifika bar 4 uanze kuhesabu, ikifika bar 8 usimamishe. Zidisha lita za tangi kwa nne, gawa kwa dakika zilizopita. Tangi la lita 50 likichukua dakika moja na nusu, unapata lita 133 kwa dakika. Hiyo ndiyo kompresa yako, hata kibandiko kikiapa. Muuzaji akikataa kuiwasha, muage kwa heshima. Mwanza haiko mbali, na pale Lamadi magari hayakosekani.

Kuhusu umeme nitasema machache. Mota ya farasi mbili inakula kama uniti moja na nusu za LUKU kwa saa inayozunguka, na wakati wa kuwaka inavuta mara kadhaa ya hapo. Ukiiwasha kwa ekstensheni nyembamba ya kuchajia simu, iliyovutwa kutoka sebuleni, utaua kapasita kabla hujapuliza stuli ya kwanza. Sogeza kompresa karibu na soketi, urefu uweke kwenye mpira wa upepo. Mpira mrefu una faida nyingine: upepo unapoa njiani, na maji yaliyomo yanajikusanya kabla ya kufika kwenye bunduki.

Maji hayo yapo hata kiangazi. Upepo ukikandamizwa unapata moto, ukipoa unaacha jasho ndani ya tangi, na jasho lile likifika kwenye bunduki linageuka madoa meupe juu ya mninga ambao umesafiri kutoka Tabora. Funga chujio la maji karibu na bunduki. Fungulia koki ya chini ya tangi kila jioni, wala usishangae maji ya kutu yakitoka. Ukiona laka inajitenga na kuacha vishimo vidogo vya duara, hayo ni mafuta: yametoka kwenye pistoni, au kwenye mkono wako uliotoka kula samaki. Na tangi la mtumba lenye viraka vya welding mwachie mwenyewe, hata akikupunguzia bei. Likipasuka halichagui aliyenunua na aliyekuja kusalimia.

Niseme sasa juu ya laka yenyewe, maana mkulima wa Simiyu ana haki ya kujua. Laka ya nitroselulosi, ile inayokauka upesi na kupendwa na maseremala dunia nzima, ni pamba. Vile vinyuzi vifupi vinavyobaki kwenye mbegu baada ya pamba kuchambuliwa vinaweza kuchovywa kwenye asidi ya nitriki na ya salfa, vikageuka kitu kinachoyeyuka ndani ya thina. Christian Friedrich Schönbein alikivumbua kitu hicho Basel, Uswisi, mwaka 1846, na kazi yake ya kwanza haikuwa kabati, ilikuwa baruti. Bunduki ya kupulizia nayo ilianzia kwenye tiba: Daktari Allen DeVilbiss wa Toledo, Marekani, alitengeneza kipulizio cha dawa ya koo mwaka 1888, na mwanawe Thomas akakigeuza kuwa cha rangi mwaka 1907. Inaniuma kwamba mkoa unaoongoza kwa pamba nchini unauza pamba kwa kilo na kununua laka kwa kopo. Maswa wamethubutu kutengeneza chaki. Sioni kwa nini laka nayo isifikiriwe.

Lakini kumbuka neno baruti. Mvuke wa thina unatambaa chini, unatafuta jiko la mkaa la mama anayekaanga maandazi ng'ambo ya ukuta, na ukilipata unarudi na moto. Usipulize karibu na jiko, sigara, wala soketi inayotoa cheche. Kompresa yenyewe ikae nje ya chumba unachopulizia. Na mdomoni vaa kinyago chenye vichujio vya kaboni. Barakoa ya kitambaa inazuia vumbi la msasa tu, mvuke inaukaribisha. Ukitumia laka ya kuchanganya makopo mawili, yenye kigumishi cha isosayaneti, jihadhari zaidi, maana hiyo inaweza kumpa mtu pumu ya kudumu. Kama hela inatosha bunduki ya pili au kinyago kizuri, chukua kinyago. Mapafu hayana spea Mwanza.

Saa nzuri ya kazi kiangazi ni alfajiri, kabla upepo haujaamka na kubeba vumbi la barabara. Mwagia sakafu maji, funika dirisha kwa chandarua kilichochakaa. Mchana jua likiwaka laka inakauka hewani kabla ya kutua, na mbao inabaki na ukavu wa chaki. Masika ni kinyume chake: unyevu unanaswa ndani ya laka nayo inapauka, basi subiri jua lichomoze vizuri au tumia thina ya kukawiza. Shika bunduki sentimita 15 hadi 20 kutoka kwenye mbao, mkono wote utembee, usipepee kwa kifundo. Mkanda wa pili ufunike nusu ya wa kwanza. Anzia kwenye kipande cha boksi. Rekebisha msukumo ukiwa umebana kifyatulio, kwa sababu geji ya bunduki iliyolala haisemi kweli.

Bunduki ioshe kwa thina papo hapo, sindano itoke, nozeli itoke. Usiilaze nzima ndani ya kopo usiku kucha, mipira yake itavimba.

Msimu wa pamba ukifunguliwa, kwa kawaida mwezi Mei, wateja wanakuwa na hela na haraka. Laka itakauka mguso kwa nusu saa, lakini chini bado ni laini, na blanketi la kufungia mzigo litaacha alama zake zote. Mteja akija na guta jioni ile ile, mkaribishe, mpe chai, mwache alitazame kabati lake akiwa amefunga mikono nyuma. Guta liondoke tupu.